Mafundi wa Nguzo na Elimu ya Kumwokoa Aliyepigwa na Umeme

Elimu nyingi ambazo leo twazihesabu kuwa ni mali ya watu wote zilipatikana kwanza kwa gharama ya roho za watu wachache, na miongoni mwa elimu hizo hakuna, kwa maoni yangu, iliyo na deni kubwa zaidi kwa wafanyakazi wa mikono kuliko elimu ya kumrejeshea pumzi na mapigo ya moyo mtu aliyepigwa na umeme. Mikono miwili inayokandamiza kifua cha mtu aliyeanguka ghafula sokoni, kiwandani au nyumbani kwake, hata kama mtu huyo hakugusa waya wowote, haikufundishwa kazi hiyo na matabibu peke yao. Ilifundishwa, kwa sehemu kubwa, na vifo vya mafundi waliopanda nguzo za umeme katika miji ya Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1880. Nia ya makala haya ni kuieleza tarikhi hiyo kwa utaratibu, nami naamini kuwa ina faida kwa kila mwenye nyumba iliyoingizwa umeme, kwa sababu mtu anayejua kanuni ya usalama imetoka wapi, na ilinunuliwa kwa nini, huishika kwa nguvu kuliko yule aliyeikariri tu.

Katika karne ya 18 umeme ulikuwa bado ni jambo la ajabu mikononi mwa wanazuoni wa Ulaya, nao hawakujua kwa yakini kama kitu kile kilichosimamisha nywele na kurusha cheche kingeweza kumtoa mtu roho. Mwanzoni mwa mwaka 1746, katika mji wa Leiden huko Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alieleza jinsi chupa ya kioo yenye maji inavyoweza kuhifadhi umeme wa mashine ya msuguano na kuutoa wote kwa mara moja. Naye alipata kutokana na chupa hiyo mshtuko uliomtikisa mwili mzima, hata akamwandikia mwenzake wa Ufaransa kumwonya asithubutu kulirudia jaribio lile. Miaka saba baadaye, mwaka 1753, Georg Wilhelm Richmann, mwanachuoni wa St Petersburg, alisimama karibu na chombo alichokiunganisha na fimbo ya chuma iliyo juu ya paa ili apime umeme wa mawingu. Tufani ikaja, umeme ukashuka katika fimbo ile, naye akafa papo hapo. Hapo watu wakafahamu kwamba nguvu hiyo waliyokuwa wakiichunguza yaweza kumuua hata mtafiti mwenyewe.

Katika zama hizo hizo palianza fikra nyingine, ambayo ndiyo shina la habari yetu: kwamba mtu aliyekoma kupumua si lazima awe amekwisha kufa. Mjini Amsterdam, mwaka 1767, iliundwa jumuiya ya kuwaokoa watu waliozama katika mifereji ya mji ule, na mwaka 1774 watu wa London wakaunda ya kwao kwa madhumuni hayo hayo, wakatoa zawadi kwa waokozi na kueneza maelekezo ya namna ya kumpulizia pumzi aliyetolewa majini. Mwaka mmoja baadaye, 1775, Peter Christian Abildgaard, tabibu wa wanyama wa Denmark, alieleza jinsi alivyowapiga kuku kichwani kwa umeme hata wakalala kama wafu, kisha akawapiga tena kifuani, nao wakainuka na kutembea. Hakuna aliyejua la kufanya na habari ile, kwa kuwa katika dunia ya wakati huo hapakuwa na watu wengi wa kupigwa na umeme isipokuwa wale walioangukiwa na radi. Kwa hiyo ikabaki katika vitabu kwa zaidi ya miaka 100 bila kupata mtu wa kuitumia.

Hali iligeuka pale umeme ulipotoka katika vyumba vya wanazuoni ukaingia katika kumbi za michezo ya kuigiza, viwanda na barabara. Mwaka 1879, mjini Lyon, seremala wa jukwaa aligusa waya wa mashine iliyowasha taa za mahali pale akafa, na kifo chake hutajwa kuwa cha kwanza kusababishwa na umeme uliotengenezwa na mashine kwa ajili ya kazi. Tangu hapo vifo viliongezeka kadiri taa zilivyoongezeka, na hapana mji ulioonja uchungu huo kuliko New York, ambako kampuni za telegrafu, za simu na za taa zilisimamisha kila moja nguzo zake, zikatanda nyaya zao juu ya za wenzao, hata baadhi ya barabara zikawa na dari ya nyaya isiyopenyeza mwanga vizuri, na ndani ya dari hiyo nyaya hai na nyaya zilizokwisha kuachwa zilichanganyika bila mtu wa kuzipambanua.

Tarehe 11 Oktoba 1889, fundi wa telegrafu aitwaye John Feeks alipanda nguzo katika mtaa wenye watu wengi wa Manhattan ili aondoe nyaya zisizotumika. Nyaya alizokusudia kuzigusa zilikuwa za telegrafu, ambazo kwa kawaida hazina nguvu ya kumdhuru mtu. Lakini mahali pengine, mbali na macho yake, mmojawapo ulikuwa umeangukiana na waya wa taa wenye mkondo geu wa nguvu kubwa, na nguvu ile ikasafiri kimya hadi mkononi mwake. Alikufa mara moja, na mwili wake ukabaki umenasa katikati ya nyaya, ukitoa cheche na moshi mbele ya umati uliosimama chini, kwa muda unaokaribia saa nzima, kwa sababu wenzake hawakuweza kumfikia bila kuhakikisha kwanza kwamba nao hawatanaswa. Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa, na meya wa mji akaamuru nguzo na nyaya za hatari zikatwe, hata baadhi ya mitaa ikakaa gizani kwa muda. Na kazi ya kuzizika nyaya chini ya ardhi, iliyokwisha kuamriwa na sheria lakini ikacheleweshwa na kampuni, sasa ikaenda kwa haraka.

Nimekitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mafunzo mawili ambayo hayajabadilika hata leo. La kwanza ni kwamba waya hauonyeshi kwa sura yake kama una uhai au hauna. Waya wa telegrafu, wa simu au wa kuanikia nguo waweza kuazima nguvu kutoka kwa waya mwingine ulioko mbali, na mtu mwenye busara huuhesabu kila waya kuwa hai mpaka ithibitishwe kinyume chake. La pili ni kwamba wale mafundi waliosimama chini wakimtazama mwenzao pasipo kumgusa hawakufanya hivyo kwa woga wala kwa ukosefu wa huruma. Walikuwa wakiitii kanuni ambayo kazi yao iliwafundisha mapema kuliko watu wengine wote, ya kwamba anayemkimbilia aliyenaswa kabla ya kuukata umeme hamwokoi, bali huongeza maiti ya pili.

Mafundi wenyewe hawakukaa kimya. Mwezi Novemba 1891 mafundi wachache walikutana mjini St. Louis wakaunda chama chao cha udugu, ambacho baadaye kilikuwa chama kikubwa cha mafundi wa umeme wa Marekani na Kanada, na rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikuwa yeye mwenyewe fundi wa nguzoni aliyesafiri mji hadi mji akiwaita wenzake wajiunge ili wapate ujira wa haki, mafunzo ya kazi na kinga dhidi ya mauti. Mwaka 1896, akiwa kazini usiku mjini Washington, Miller naye alipigwa na umeme, akaanguka kutoka nguzoni, akafa. Yeye aliyekuwa akipigania usalama wa wenzake aliuawa na hatari ile ile aliyopigana nayo, na jambo hilo latosha kuonyesha ilivyokuwa hali ya kazi hiyo katika miaka ile.

Matabibu, kwa upande wao, walikuwa wakijiuliza kifo hiki hutokeaje. Arsène d'Arsonval, tabibu na mwanafizikia wa Ufaransa, alishauri katika miaka hiyo kwamba mtu aliyepigwa na umeme atendewe kama mtu aliyezama majini, yaani apewe pumzi bila kukawia na bila kukata tamaa, kwa kuwa aghalabu kilichokoma ni kupumua tu na uhai ungali mwilini. Ushauri huu ulikuwa na nuru ndani yake, na watu kadhaa waliokolewa kwa kuufuata. Mwaka 1903, Edward Schäfer wa Edinburgh alieleza njia nyepesi ya kumlaza mtu kifudifudi na kuzikandamiza mbavu zake za chini kwa mikono, mara kama 12 hadi 15 kwa dakika, ili hewa itoke na kuingia. Na kwa kuwa njia hiyo haikuhitaji chombo wala tabibu, kampuni za umeme za Uingereza na Marekani ziliipokea zikaifundisha kwa mafundi wao. Katika mwaka 1911 matabibu na wahandisi wa Marekani waliunda tume ya pamoja ya kuchunguza namna bora ya kuwafufua waliopigwa na umeme, nayo ikaipendelea njia hiyo ya kukandamiza mgongo.

Basi likawa jambo la kawaida kuwaona mafundi wakipokezana juu ya mwili wa mwenzao kwa muda mrefu, mmoja akichoka mwingine akishika nafasi yake, wala hawakuacha mpaka tabibu awaambie kwamba hapana tamaa tena. Na kwa kuwa fundi aliyepigwa juu ya nguzo mara nyingi alibaki akining'inia katika mkanda wake, na kumteremsha kulichukua dakika ambazo hakuwa nazo, walibuni hata njia ya kumkanda tumbo na mbavu akiwa huko huko juu, mwokozi akiwa amejifunga nyuma yake. Hawakuwa na shahada za utabibu. Walikuwa na mapenzi ya ndugu wa kazi moja, na mapenzi hayo yaliwafanya kuwa waangalifu sana wa yale waliyoyaona.

Nao waliona fumbo. Mara nyingine mtu aliyepigwa na nguvu kubwa mno, ya maelfu ya volti, akaungua vibaya mikono na miguu, alirejea uhai baada ya kupewa pumzi. Na mara nyingine mtu aliyeguswa na waya wa nyumbani wa volti chache, asiye na jeraha lolote la kuonekana, alikufa mikononi mwao wakiwa wanamkanda bila kusita. Jawabu la fumbo hili lilikuwa limekwisha kuandikwa, lakini halijafika kwa mafundi. John MacWilliam wa Aberdeen alieleza mwaka 1889 kwamba kifo cha ghafula chaweza kuletwa na moyo unaoacha kupiga kwa mpango ukaanza kutetemeka ovyo, kila ukano wake ukijivuta peke yake, hata usisukume damu hata tone. Na mwaka 1899, mjini Geneva, Jean-Louis Prévost na Frédéric Batelli walithibitisha kwa kutumia mbwa kwamba mkondo mdogo wa umeme huuingiza moyo katika mtetemeko huo, ilhali mkondo mkubwa unaofuata waweza kuutoa humo na kuurudisha katika mapigo yake. Kwa hiyo mwenye kupigwa na nguvu kubwa aghalabu alipoteza pumzi, naye aliweza kuokolewa kwa pumzi. Bali mwenye kupigwa na nguvu ndogo alipoteza moyo, na pumzi peke yake haikumfaa kitu, kwa kuwa damu iliyobeba pumzi hiyo ilikuwa imesimama.

Aliyekuja kuliunganisha jawabu la wanazuoni na fumbo la mafundi hakuwa tabibu, bali mhandisi wa umeme. William Kouwenhoven, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1886, alifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Na katika miaka ya 1920, kampuni za umeme zilipofadhaishwa na wingi wa mafundi waliokuwa wakifa, alitakiwa yeye na wenzake wa upande wa utabibu wachunguze umeme humfanya nini binadamu na yapasa kufanywa nini. Walianza kwa panya, kisha mbwa, na kufikia mwaka 1933 walikuwa wameuona upya ule ukweli wa Geneva, kwamba pigo la pili la umeme, likipimwa vizuri, huukomesha mtetemeko ulioletwa na pigo la kwanza. Vita vya pili vya dunia vikaikatiza kazi, lakini fikra haikufa: mwaka 1947, mjini Cleveland, mpasuaji Claude Beck aliurudisha moyo wa kijana wa miaka 14 kwa pigo la umeme kifua kikiwa kimefunguliwa, mwaka 1956, mjini Boston, Paul Zoll akafanya hivyo pasipo kufungua kifua, na mwaka 1957 mashine ya Kouwenhoven mwenyewe, nzito hata ikabidi isukumwe juu ya magurudumu, ikaanza kutumiwa hospitalini Baltimore.

Hata hivyo, mashine ile haingeweza kupandishwa nguzoni, wala fundi aliyeanguka shambani hakuwa na saa nzima ya kuingojea, kwani ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano. Kilichohitajika ni njia ya kuishikilia roho mpaka mashine ifike, nayo ilipatikana kwa jicho la mwanafunzi. Mwaka 1958, Guy Knickerbocker, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Kouwenhoven, alitambua kwamba kila alipovikandamiza kwa nguvu vibamba vizito vya shaba juu ya kifua cha mbwa aliyesimama moyo, kabla hata ya kufungulia umeme, kipimo cha damu kilipanda kidogo. Wengine wangeliona hilo na kulipuuza. Yeye aliuliza sababu yake. Wakashirikiana naye Kouwenhoven na mpasuaji James Jude, wakatafuta mahali pa kukandamiza, kina chake na kasi yake, na mwezi Julai 1960 wakaandika katika jarida la matabibu wa Marekani kwamba kati ya wagonjwa 20 waliokandamizwa kifua kwa namna hiyo, 14 walipona. Na kwamba kazi hiyo haihitaji chombo chochote ila mikono ya mtu. Katika mji huo huo wa Baltimore, Peter Safar alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba kumpulizia mtu mdomo kwa mdomo kunapitisha hewa zaidi kuliko kumkanda mgongo, na kabla ya mwaka 1960 kwisha njia hizo mbili ziliunganishwa zikawa moja, nayo ndiyo inayofundishwa duniani kote hata leo, ingawa kasi na kina chake vimerekebishwa. Johns Hopkins ilimtunukia Kouwenhoven shahada ya heshima ya utabibu mwaka 1969, heshima adhimu kwa mhandisi aliyeingia katika elimu ya moyo kwa ajili ya kuwatetea mafundi.

Mafundi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufaidika na mavuno ya damu yao wenyewe. Tarehe 17 Julai 1967, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida, fundi Randall Champion aligusa waya wenye zaidi ya volti 4,000 akabaki ananing'inia kichwa chini katika mkanda wake, mwenzake J. D. Thompson akaikimbilia nguzo ile, akapanda, akamtegemeza kichwa na kumpulizia pumzi kinywani pale pale juu mpaka akauona uhai ukirejea, kisha wenzao wakamteremsha na kuendelea naye chini. Champion aliishi miaka mingine 35. Mpiga picha Rocco Morabito, aliyekuwa akipita njiani, aliita msaada, kisha akampiga picha Thompson akimwokoa mwenzake, na picha ile ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1968. Naona katika kisa hicho ukamilifu wa yale yaliyokosekana siku ya Feeks: si kwamba Thompson alikuwa shujaa kuliko wale wa New York, bali alikuwa na elimu ambayo wao hawakuwa nayo.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima kwa watu waliojitolea kiasi cha umeme kinachomnasa mtu asiweze kukiachia alichokishika, akaona kwamba mkondo wa wastani wa miliampea 16 hivi kwa wanaume, na kama 10 kwa wanawake, watosha kuifunga misuli ya mkono. Yaani sehemu ndogo ya umeme uliowasha taa moja ya nyumbani ya zamani. Kutokana na vipimo hivyo alibuni, mwaka 1961, chombo kinachohisi umeme unaovuja kuelekea ardhini na kuukata kabla haujamdhuru mtu. Chombo cha namna hiyo, kinachokata uvujaji ukifika miliampea 30, chapatikana leo katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji yetu, na hapana kinga nyingine katika nyumba inayoukaribia ubora wake.

Kwetu Afrika Mashariki umeme uliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, hukumbukwa kuwa jengo la kwanza la kisiwa hicho kuwaka taa za umeme. Mwaka 1908 zilianzishwa kampuni za umeme Mombasa na Nairobi, ambazo ziliungana mwaka 1922, na katika mwaka huo huo wa 1908 Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na baadaye nyaya zikapitishwa chini ya bahari, mwaka 1980 kwenda Unguja na mwaka 2010 kutoka Tanga kwenda Pemba. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 hadi 240, takriban mara mbili ya ule wa Marekani, na kwamba nyaya zinazopita juu ya vijiji vyetu zikielekea kwenye transfoma zina volti 11,000 au 33,000. Elimu iliyopatikana Baltimore, kwa hiyo, yatuhusu sisi zaidi kuliko hata wale walioigundua.

Ukiitazama tarikhi hii nzima, utaona kuwa imeacha kanuni zenye mpangilio, na mpangilio huo ndio roho yake. Kwanza ni kuukata umeme. Katika nyumba, mtu aliyenaswa asiguswe kwa mkono mtupu. Izimwe swichi kuu au ichomolewe plagi, na ikishindikana, mwokozi asimame juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao, autenge waya kwa fimbo kavu ya mti, wala asitumie chuma wala kitu chochote chenye unyevu. Njia hiyo ni ya umeme wa nyumbani peke yake. Ukiwa ni waya wa nguzoni ulioanguka, fimbo haisaidii, kwa sababu nguvu ya maelfu ya volti hupita hata katika mti, nayo huenea ardhini kuuzunguka waya kiasi cha kumpiga mtu kwa kupanua hatua tu. Watu wakae mbali kwa kadiri ya mita 10 au zaidi, liitwe shirika la umeme, na aliyejikuta karibu aondoke kwa kuburuza miguu ikiwa imeshikana. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki humo mpaka umeme ukatwe. Na moto ukimlazimu kutoka, aruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, asishike gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Pili, na hapo ndipo Knickerbocker na wenzake wanapotufaa, ni kumtazama mtu kama anaitika na kupumua. Mtu hawi na umeme mwilini baada ya kutengwa na waya, kwa hiyo kumgusa sasa hakuna dhara. Na aliyepigwa na radi aweza kuguswa mara moja, maadamu mwokozi hajiweki katika hatari ya radi nyingine. Ikiwa haitiki wala hapumui sawasawa, mmoja akimbilie kuita msaada na mwingine amlaze chali juu ya kitu kigumu, aweke kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, akandamize kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kiinuke kila mara. Na aliyefundishwa ampulizie pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Asichoke upesi, na wapokezane kama walivyopokezana mafundi wa zamani. Ikiwapo karibu mashine ndogo ya kuurudisha moyo, ambayo siku hizi huwekwa katika viwanja vya ndege na majengo makubwa na huongea yenyewe ikielekeza, iletwe bila kuchelewa.

Tatu, ni kutodanganyika na udogo wa jeraha. Umeme huingia mahali pamoja na kutokea pengine, na katikati yake huweza kuunguza misuli na mishipa na kudhuru figo huku ngozi ikionyesha doa dogo tu. Tena aliyeanguka kutoka juu huenda amevunjika shingo au uti wa mgongo, kwa hiyo asitikiswe ovyo. Pahala palipoungua papozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 hivi, baada ya kuhakikisha umeme umekatwa, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Wala pasipakwe mafuta wala dawa ya meno. Na kila aliyeungua, aliyezimia, aliyepigwa na umeme wa nguzo, mwanamke mjamzito, au mwenye kuhisi moyo wake ukienda kombo, apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, kwa kuwa madaktari hupima mwenendo wa moyo na mkojo wake kabla ya kumruhusu.

Kanuni hizi si nyingi, lakini kila moja ina makaburi nyuma yake. Iliyo ya kwanza ililipiwa na wote waliokufa kwa kumkimbilia mwenzao. Ya pili ililipiwa na wale waliokandwa mgongo mchana kutwa huku mioyo yao ikitetemeka bila msaada. Ya tatu na wale waliokwenda nyumbani wakisema ni wazima. Mafundi wa New York wa mwaka 1889 walikuwa na huruma, nguvu na ushujaa, wala havikuwafaa kitu, kwa kuwa hapakuwa na aliyewafundisha la kufanya. Sisi hatuna udhuru huo. Mwenye nyumba na aonyeshe watoto wake swichi kuu ilipo kabla hajawaonyesha mahali pa kuchajia simu. Mkuu wa shule na karakana na atenge siku moja katika mwaka ya kuwafundisha watu wake kukandamiza kifua. Na fundi wa mtaani anayepanda paa la bati na koleo mfukoni na apewe heshima ya kufundishwa, si kulaumiwa baada ya kufa. Deni la wale waliotangulia halilipwi kwa kuwasifu. Hulipwa siku ile mtu mmoja aliyenaswa atakapookolewa na jirani aliyejua aanze na nini.